Funda la kwanza lisikudanganye: kuonja Chardonnay za 2018, shamba kwa shamba

Haya ndiyo niliyoongea Jumapili pale Oakland, California, kwenye mkusanyiko wetu wa watu wa mahoteli na mikahawa. Wengi mlikosa kwa sababu ya shifti mkaniomba niyaweke yote, basi nimeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni, picha za ukutani nimeziacha.

Shikamooni wakubwa zangu. Na wengine wote, wa Mombasa, wa Arusha, wa Bujumbura, wa Lubumbashi, habari za mchana. Nianze na ndugu zangu ambao dini yenu hairuhusu pombe na bado mmekuja kwa sababu kazini mnaulizwa maswali ya waini kila siku, karibuni sana, na msijione mko pembeni, maana nusu ya kazi ya leo inafanywa na pua, na pua haina haja ya kumeza kitu. Na mnaomeza, temeni. Vikombe vya kutemea viko mezani, mtu asione haya, wataalamu wote wanatema, na wengi wetu tumekuja na magari.

Mbele yenu kuna chupa nne zimefunikwa gazeti. Zote ni Chardonnay, yaani waini nyeupe inayobeba jina la zabibu yake. Zote ni mavuno ya 2018. Zote zimetoka hapa hapa California ya kaskazini, kila moja kwenye shamba lake moja, na zote ni nene, yaani zile za kujaza mdomo. Nataka niseme jambo moja tu leo na nitalirudia mpaka mnichoke: waini nene inashinda funda la kwanza. Inashinda karibu kila mara. Ukiweka waini kumi mezani, ile yenye harufu nyingi ya siagi na vanila na pombe ya kupasha koo ndiyo watu watainyooshea kidole wa kwanza. Swali letu sisi, tunaosimama mbele ya mteja anayetoa dola 80, dola 100, wakati mwingine zaidi, ni hili: funda la kumi je? Glasi ya pili je? Hapo ndipo waini inajulikana.

Sasa mtu ataniuliza, kwa nini mwaka mmoja? Kwa nini shamba moja moja? Si tungeonja tu nzuri nzuri?

Ngoja niwape kisa. Kulikuwa na wanaume wawili, Steve Kistler na Mark Bixler, walianza kampuni yao ya waini Sonoma, kaskazini ya hapa, mwaka 1978. Wao walichofanya, na kampuni yao inakifanya mpaka leo, ni kutumia aina moja ya miche ya Chardonnay ya zamani ya California, wakaipanda kwenye mashamba tofauti tofauti, halafu kwenye ghala la kutengenezea waini zabibu za kila shamba zinashughulikiwa kwa namna ile ile. Mche ule ule, chumba kile kile, mikono ile ile. Sasa ukikuta chupa mbili za mwaka mmoja hazifanani, utamlaumu nani? Hakuna wa kulaumiwa isipokuwa udongo na upepo na ukungu. Ndiyo maana nimewaletea mwaka mmoja. Ukichanganya miaka, hujui kama unachoonja ni shamba au ni mvua ya mwaka ule. Ukishika mwaka mmoja, shamba linabaki peke yake halina pa kujificha.

Na sheria ya Marekani inatusaidia hapo: kuandika jina la shamba kwenye lebo lazima asilimia 95 ya hiyo waini iwe imetoka kwenye shamba hilo. Jina la eneo peke yake, kama Russian River Valley, bonde moja la Sonoma, linataka asilimia 85. Kwa hiyo jina la shamba ni ahadi nzito zaidi, sio pambo.

Lakini msije mkadhani shamba moja ndiyo lazima iwe bora. Chardonnay maarufu kuliko zote za California, ile ya kampuni ya Chateau Montelena ya Napa, ya 1973, aliyoitengeneza Mike Grgich, haikuwa ya shamba moja, zabibu zake zilitoka kwa wakulima wa Sonoma na wa Napa wakazichanganya. Na hiyo ndiyo iliyowapiga Wafaransa kwao Paris tarehe 24 Mei 1976, pale Steven Spurrier, Mwingereza mwenye duka la waini Paris, alipowakalisha majaji wa Kifaransa waonje bila kuona lebo. Hicho kisa mnakijua. Ila kuna kipande watu wanakiruka: jaji mmoja alionja Chardonnay ya Napa akasema kwa furaha, aah, tumerudi Ufaransa! Na mwingine akapewa Bâtard-Montrachet, waini ya heshima kubwa kabisa ya eneo la Burgundy huko Ufaransa, akasema hii hakika ni ya California, haina harufu. Jamani, hawa walikuwa mabingwa wa Ufaransa. Funda la kwanza liliwapiga chenga mabingwa, mimi na wewe ni nani?

Haya. Jambo la pili. Huu unene unatoka wapi? Maana watu wengi wanasema tu ni siagi, ni mbao, basi. Hapana. Unatoka sehemu mbili, shambani na ghalani, na ni lazima ujue kutofautisha maana mmoja unadumu na mwingine unachosha.

Wa shambani. Mwaka 1912 familia ya Wente kule Livermore, sio mbali na hapa, walileta vipandikizi vya Chardonnay kutoka Montpellier, Ufaransa. Mashamba mengi ya zamani ya Chardonnay hapa California ni watoto na wajukuu wa miche hiyo. Miche ya zamani ya Wente ina tabia moja, kishada kimoja kinabeba punje kubwa na punje ndogo ndogo pamoja, huku wanaita kuku na vifaranga. Vile vifaranga ni vidogo, maji kidogo, ladha nyingi. Wengine hapa mmefanya kazi ya kuvuna, mnajua, usiku wa manane taa iko kichwani, zabibu ni za baridi mpaka vidole vinakufa ganzi, chukua kifaranga kimoja uking'ate. Ngozi ni nyingi kuliko maji, utamu unakuja, halafu kabla hujamaliza kutafuna ukali unakuja nyuma yake unakukamata kwenye taya. Huo ndio unene wa shambani. Una ukali, yaani uchachu, ndani yake tayari. Waini iliyotoka kwenye punje kama hizo haihitaji kuvalishwa koti la siagi na mbao.

Wa ghalani ni huu. Zabibu inakuja na asidi inayoitwa maliki, ile inayopatikana kwenye tufaha bichi. Bakteria wakiachiwa kazi wanaigeuza kuwa asidi ya laktiki, ya kwenye maziwa, laini zaidi. Kwenye kazi hiyo wanatoa kitu kinachoitwa daisetili, na hicho ndicho siagi mnayoisikia. Halafu kuna pipa la mwaloni, linatoa vanila, linatoa karafuu kidogo, linatoa harufu ya mkate uliochomwa kama pipa lilichomwa sana ndani. Halafu kuna mashapo, yaani hamira iliyokufa ikatulia chini ya pipa, ukiikoroga mara kwa mara kwa fimbo waini inapata mwili, inakuwa na ile hali ya kuteleza ulimini.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi tunachanganya. Juisi ikichachukia ndani ya pipa lenyewe, tangu mwanzo, hamira inameza sehemu ya harufu za mbao na inazigeuza, kwa hiyo mbao inatulia. Waini ambayo imechachukia kwenye tangi la chuma halafu ikahamishiwa kwenye pipa jipya baadaye ndiyo inayonuka mbao zaidi. Mnaona? Na siagi hivyo hivyo, waini ikikaa muda mrefu juu ya mashapo yake hamira inaila ile daisetili inapungua. Kwa hiyo waini inayokupigia kelele za siagi na vanila mara nyingi sio ile iliyofanyiwa kazi kubwa zaidi. Kuna njia za mkato, kuna vipande vya mwaloni vinatupwa kwenye tangi, na pua ikizoea utazijua. Kelele sio utajiri! Nilisema hivi mara mbili pale ukumbini na naandika mara mbili, kelele sio utajiri.

Hii ndiyo iliyoiharibia Chardonnay jina. Miaka ya themanini na tisini siagi na mbao vilikuwa vinauza, wakazidisha, wakazidisha tena, mpaka wanywaji wakachoka wakaanza kusema nipe waini yoyote isipokuwa Chardonnay. Mpaka leo wateja wa namna hiyo mnao, anakaa tu kwenye kiti anakwambia mimi situmii Chardonnay. Mimi nikimpata huyo nafurahi, kwa sababu najua hajakataa zabibu, amekataa koti. Na kumbuka Montelena ile iliyoshinda Paris, mtindo wa kampuni ile ni kuwazuia hao bakteria wasifanye kazi. Haikuwa ya siagi kabisa.

Je, siagi ni mbaya? Hapana. James Zellerbach, aliyekuja kuwa balozi wa Marekani kule Italia, alipanda shamba lake la Hanzell pale Sonoma mwaka 1953 kwa sababu ya mapenzi yake na Burgundy, akaleta mapipa madogo ya Kifaransa wakati hapa karibu hakuna aliyekuwa anayatumia kwa waini nyeupe, na mtengenezaji wake Brad Webb akawa miongoni mwa watu wa kwanza kujifunza kuwaongoza hao bakteria badala ya kuwaacha wafanye wanavyotaka. Kwa hiyo vitu hivi viliingia hapa kwa heshima, kwa kipimo. Kipimo ndicho kilichopotea baadaye. Fikirieni samaki wa kupaka. Tui zito, ndiyo, ndiyo raha yake, lakini mpishi akisahau ndimu au ukwaju utakula matonge matatu utasukuma sahani. Na Chardonnay nene ni hivyo hivyo, ukiisifia kwa tui lake tu bila kuuliza ndimu iko wapi hujaionja bado.

Ndimu ya Chardonnay inatunzwa na baridi. Na hapo naingia kwenye mwaka.

Kwa nini 2018? Nilikuwa na 2017 pia ningeweza kuzileta. Mnaokaa hapa mnaukumbuka mwanzo wa Septemba 2017, San Francisco hii hii yenye masweta ilifika nyuzi 41, watu walilala vibarazani. Joto la ghafla namna hiyo zabibu ikiwa karibu kuiva ni balaa, sukari inaruka, punje zinanyauka, na asidi ya maliki mzabibu unaichoma kwa joto kama mafuta. Halafu Oktoba usiku wa tarehe 8 ukaja moto, Santa Rosa ikaungua, wengine hapa mlihama usiku ule na watoto mkononi, sitaki kulipita hilo kama habari ya waini tu. Zabibu nyingi za Chardonnay zilikuwa zimeshavunwa. Watu ndio walioumia.

2018 ilikuwa kinyume. Mwaka wa utulivu. Hakukuwa na lile joto la kushtukiza, majira ya joto yalikuwa ya wastani, asubuhi za ukungu, mizabibu ilibeba sana na mavuno yakachelewa. Zabibu ziliiva taratibu, na kuiva taratibu maana yake nini? Maana yake ladha inafika wakati ukali bado upo. Kwa hiyo ukikuta Chardonnay ya 2018 iliyolegea, haina mgongo, usiseme ni mwaka. Mwaka ulitoa kila kitu. Angalia mtu, au aliacha mzigo mwingi mno kwenye mzabibu, maana mwaka ule ulihitaji kupunguza vishada, au alisubiri mno kuvuna, au alizidisha pipa. Mwaka mzuri hauna huruma kwa mtengenezaji mzembe.

Sasa tuonje. Lakini kwanza, nani alitoa hizi chupa kwenye friji na saa ngapi? Nimeuliza hivyo kwa sababu kazini ndipo tunapokosea zaidi. Friji ni nyuzi 4. Kwenye nyuzi 4 Chardonnay nene imefungwa mdomo, utasikia baridi na mbao. Hizi tumezitoa mapema ziko kwenye 12, 13 hivi. Kwenye mkahawa mmoja kule Healdsburg, mji wa Sonoma, mteja aliwahi kurudisha chupa ghali sana akisema haina kitu, iko kama maji. Msimamizi alitaka kubishana. Mhudumu, kijana wa Kisumu, akasema naomba nusu saa, akaitoa chupa kwenye ndoo ya barafu akaiacha mezani, akawaletea kaa na siagi, akamimina tena kwenye glasi pana. Yule mteja alinusa akanyamaza, akanusa tena, akaagiza ya pili. Waini ilikuwa ile ile.

Glasi pana, basi, jaza kidogo. Nusa kabla ya kutikisa. Harufu za mwanzo kabisa ni za pipa na za ghala, usizihukumu, ziandike tu. Tikisa, nusa tena. Onja, itembeze mdomoni, tema, halafu hapa sasa, hapa, hesabu. Hesabu kimoyomoyo kinachobaki ni nini na kinakaa muda gani. Kinachobaki ni tunda na mate yanayotiririka, au ni mbao na koo linalowaka?

Namba moja, hii ni ya Carneros, karibu na ghuba, udongo wa mfinyanzi usio na kina na upepo wa bahari kila mchana. Mnasikia? Ndimu, ganda la chungwa, halafu chumvi chumvi pembeni mwa ulimi. Ni nene lakini imebana. Kwa wengi wenu najua haikuwa ya kwanza, mliponyoosha mikono kuchagua mliyoipenda, mikono yake ilikuwa michache.

Namba mbili, Russian River, karibu na Sebastopol, ule udongo wa kichanga laini wanaouita Goldridge, mabaki ya bahari ya kale, maji yanapita haraka. Hii ndiyo wengi wenu mliipenda. Na nawaelewa! Peya lililoiva, korosho za kukaanga, asali, mdomo mzima umejaa. Iwekeni pembeni, msimalize.

Namba tatu, Fort Ross-Seaview, matuta juu ya bahari, mizabibu iko zaidi ya mita 280 juu, yaani juu ya ukungu, jua lote wanapata wao lakini upepo wa bahari ni baridi. Pombe asilimia 14 na kitu na huisikii. Kwenye pua kuna kiberiti kilichowashwa sasa hivi, wengine mliandika kasoro. Ni salfa inayotokana na uchachukaji kwenye mashapo, ikiwa kidogo inaipa waini ukali wa kupendeza, ikizidi inafunika tunda. Hii kwangu haijazidi, ila anayesema imezidi simpingi, hapo ni ulimi wa mtu.

Namba nne, Russian River tena, jirani kabisa wa namba mbili, mwaka ule ule. Nanasi la kopo, vanila, siagi. Utamu, ingawa hakuna sukari, ni pombe na mbao zinakudanganya ulimi. Ilipata kura nyingi za pili.

Mkaenda kula. Mlipokula pilau na kuku na kachumbari, nilikuwa nazunguka naangalia chupa, siangalii karatasi zenu za maksi. Robert Parker, mhakiki wa waini wa Marekani, aliwazoesha watu kuipa waini maksi mpaka 100, na watu wengi wananunua kwa hiyo namba, sawa, ni msaada kwa mtu aliye mbali na dukani. Lakini namba inatolewa baada ya funda moja au mawili, na kati ya waini nyingi zilizopangwa mstari, na kwenye mstari mnene anawafunika wembamba wote. Mimi naamini chupa. Namba moja iliisha kabisa. Namba tatu ilibaki robo. Namba mbili ilibaki nusu, bado nzuri, na ilipopata joto kidogo ikafunguka ikaonyesha ndimu yake, ilikuwepo, ilikuwa imelala, kwa hiyo mliipenda kwa haki. Namba nne? Hakuna mtu aliyeongeza. Hata wale walioipigia kura. Nikaionja tena ikiwa na joto la chumba, tunda limeondoka limebaki pipa.

Jirani kabisa hawa wawili. Mwaka mmoja. Eneo moja. Ndiyo maana nasema uliza maswali manne kabla ya kumwambia mteja neno: ukali uko wapi, tunda au pipa nani anabaki mwisho, inakuwaje ikipata joto, na ikikutana na chakula inaomba funda jingine au inajikalia tu.

Dada mmoja wa Goma aliuliza mwishoni, kazini kwao wana makasha ya 2018 stoo, waziuze sasa au wasubiri? Nilimjibu hivi. Fungueni moja ya kila aina muijaribu kwa maswali yale. Zile za kama namba nne ziuzeni mwezi huu kwa glasi, hazitapata nafuu. Za kama namba mbili ziko kileleni sasa, ziwekeni kwenye menyu na kaa na kamba. Za kama moja na tatu zinaweza kusubiri miaka mingine, ila zilazwe, giza, baridi isiyopanda na kushuka, na kabla ya kuuza mulikeni shingo ya chupa kwa taa: rangi ikiwa imeingia kahawia, na kiwango cha waini kimeshuka chini ya shingo, hewa imeshaingia, hiyo msimpelekee mteja hata kama lebo ni ya jina kubwa. Akauliza, na meneja akikataa kufungua za kujaribu? Nikamwambia mwonyeshe hesabu, chupa moja iliyofunguliwa stoo ni rahisi kuliko kasha linalorudishwa moja moja kutoka mezani.